Maoni Kuhusu Kifungu cha Tisa

Halmashauri, Idara ya Barabara
4 Februari

Kwa wenye nyumba wote wa kanda za matengenezo ya barabara za mitaa,

YAH: RASIMU YA MWONGOZO MPYA WA KANDA ZA BARABARA

Kama mnavyojua, katika kanda zenu barabara ya mtaa hutunzwa kwa michango ya wenye nyumba wenyewe, na Halmashauri huleta greda na msimamizi wa kazi. Mwongozo unaotumika sasa umepitwa na wakati. Idara imeandaa rasimu mpya, na nakala yake imeambatishwa. Mnaombwa kuisoma na kutuma maoni kabla ya mwisho wa Mei. Maoni yote yatakayoletwa kwa maandishi yatajibiwa kwa maandishi.

Ofisa wa Mwongozo

(Kwa kalamu, chini ya muhuri:) Baba, shikamoo. Barua hii imekwenda kwa kila nyumba, kwa hiyo usishtuke ukiona muhuri. Mimi mzima. Kazi nyingi tu. Nitapiga simu.


15 Februari

Ndugu Ofisa wa Mwongozo,

Mimi ni mwenye nyumba, nyumba ya mwisho kule bondeni, fundi cherehani kwa kazi, na pia ni baba yako. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama getini, na mara ya pili nimekaa. Umesema maoni yote ya maandishi yatajibiwa kwa maandishi. Basi nina maoni.

La kwanza ni kifungu cha pili, kinachosema mifereji izibuliwe mara kwa mara. Mara kwa mara ndiyo lini? Wewe uliniambia utakuwa unapiga simu mara kwa mara. Mfereji ukingoja hivyo mtaa utaelea.

La pili ni kifungu cha tano, kibao cha kanda mwanzoni mwa mtaa. Chetu kimeinama na herufi zimefutika. Anayekuja kwa mara ya kwanza hajui kama amefika au amepotea. Andikeni kwamba kibao kisomeke.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu mimi. Mwanangu, simu yetu unaijua. Unaniuliza habari, nasema nzuri. Nakuuliza kazi, unasema nyingi. Halafu kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua mpaka salio linatuonea huruma. Zamani mama yako ndiye aliyekuwa anashika simu, kazi yangu ilikuwa kupaza sauti kutoka chumbani, "Mwambie namsalimia!" Tangu atutoke, mimi na simu hatuelewani. Kwenye karatasi angalau nikinyamaza hakuna anayenisikia nimenyamaza.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, kama mlivyoahidi.

Mwenye nyumba,
Baba yako


Halmashauri, Idara ya Barabara
1 Machi

Ndugu Mwenye Nyumba,

Maoni yako yamepokelewa. Katika kifungu cha pili, maneno "mara kwa mara" yamebadilishwa na sasa yatasomeka "kabla ya kila msimu wa mvua." Kuhusu kifungu cha tano, pendekezo lako limekubaliwa.

Ofisa wa Mwongozo

Baba, nakuomba sana. Barua za maoni hufunguliwa na karani wa masjala. Yule dada amesoma ile habari ya simu kwa sauti, ofisi nzima ikasikia, na sasa nikipita kwenye korido wananiambia, "Mwambie namsalimia!" Hapa mimi ni ofisa. Habari za nyumbani niandikie kwa anwani hii niliyoweka nyuma ya bahasha. Jirani hawajambo? Mama Maua bado anapanga makopo yake mpaka katikati ya njia?

Binti yako


12 Machi

Mwanangu,

Msalimie karani wa masjala. Mwambie anasoma vizuri, nimesikia mpaka huku.

Umeniuliza jirani. Nimekaa na swali lako kwanza, maana habari zao ni nyingi na sijui nianzie wapi. Mama Maua hajambo. Juzi ameniletea mapazia niyapunguze. Nikapunguza. Kesho yake karudi nayo, eti sasa mafupi, watu wanamwona miguu akipita sebuleni. Nikamwambia kitambaa nikishakikata hakioti kama maua yake. Akanuna. Jioni akaniletea kopo la maua, akaliweka mlangoni akaondoka bila kubisha hodi, na huko ndiko kuomba radhi kwake, unamjua.

Mwalimu wa Hesabu bado anapima mvua kwa lile kopo lake na kumtangazia kila apitaye. Fundi Redio anatengeneza redio mlangoni, na kwa kuwa kila anayoitengeneza lazima aijaribu kwa sauti yote, mtaa mzima tunasikiliza stesheni anayotaka yeye. Wale watoto wa nyumba ya bluu wameligeuza geti langu kuwa goli. Kelele tupu, mwanangu. Mtu hapati hata nafasi ya kuwaza. Wote wanakusalimu.

Kabla sijasahau, nimesoma kifungu cha tisa. Kinasema kanda ambayo chini ya nusu ya nyumba zake zina watu itafutwa. Hicho kinamlenga nani? Nauliza tu.

Baba yako


28 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeifungulia kwenye ngazi, sikungoja kufika ndani, nikakaa palepale nikacheka peke yangu. Kopo mlangoni bila hodi! Namwona kabisa. Aliwahi kunipa kopo namna hiyo siku moja baada ya kunisingizia kwamba nimemwagia maua yake maji ya sabuni. Na kweli nilikuwa nimeyamwagia.

Umenifanya niangalie ninapoishi. Nipo ghorofa ya tatu. Jirani wa mlango wa mbele namjua kwa viatu tu. Anaviacha nje, vyeusi, vimechakaa upande mmoja, kwa hiyo najua anatembea kwa kuegemea kushoto, lakini uso wake sijauona. Kuna wakati nasikia anakohoa, nafikiria nimgongee, halafu najiuliza nitamwambia nini. Siku za mapumziko naweza kufika jioni nikagundua sijasema neno na mtu. Sikuandikii unionee huruma. Ni vile tu umenichangamsha, nimejikuta naongea.

Kifungu cha tisa ni changu, baba, nimekiandika mwenyewe na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Greda la Halmashauri ni moja. Mwaka jana nilikwenda kukagua kazi. Greda lilikuwa linasawazisha mtaa wenye mageti mazuri, yote yamefungwa kwa makufuli, hakuna hata mbwa. Wenyewe wako mbali, wananunua viwanja na kuvitunza, na michango yao haichelewi, kwa hiyo wako mbele kwenye foleni. Mtaa wa pili yake kulikuwa na mama anasukuma mkokoteni wa maji kwenye tope, mtoto mgongoni, gurudumu limezama. Tukamsaidia kusukuma mimi na dereva. Hakutushukuru, na alikuwa na haki. Siku hiyo nikasema barabara iwe ya wanaoikanyaga.

Rasimu inazipa kanda kama hizo miaka mitatu ya mpito kabla ya kufutwa. Mimi naona ni mingi. Kwetu hakuna wasiwasi, mtaa umejaa na kwenye vitabu vya hapa michango ya nyumba zote inaingia. Niandikie zaidi. Yule Mwalimu alishaoa au bado anapiga hesabu?

Binti yako


10 Aprili

Jirani yangu Mama Maua,

Salamu nyingi. Ni mimi, Fundi. Anwani ya kwa mwanao nimeipata kwenye karatasi uliyoniachia siku ulipohama, ile uliyosema niitumie kukiwa na jambo kubwa. Sasa lipo.

Kwanza habari za mtaa. Mlango wako upo, naufagia. Mwalimu wa Hesabu alihamia kwa dada yake muda si mrefu baada yako. Nyumba ya bluu walifunga wakafuata kazi, na Fundi Redio naye hakukaa. Nimebaki mimi, na paka ambaye si wangu ila tumezoeana. Michango yenu mnayotuma inafika, greda linakuja kabla ya mvua kama kawaida. Barabara yetu nzuri mno, jirani. Haina wa kuiharibu.

Jambo lenyewe linatia aibu. Binti yangu, yule wa Halmashauri, hajafika nyumbani tangu tulipomzika mama yake. Sasa tumeanza kuandikiana, na kwenye barua zangu wewe upo. Umeniletea mapazia, umenuna, umenipa maua. Mwalimu anapima mvua. Watoto wanapiga mpira getini. Nimewarudisha wote.

Naye ndiye anayeandika mwongozo mpya. Ukipita, atakuja mkaguzi kuangalia nyumba zipi zina watu. Asipoona watu, kanda inafutwa na greda haliji tena. Bonde letu unalijua. Bila greda mvua za mwaka mmoja zinakata njia, na mimi nitakuwa upande ambao hauna duka wala zahanati. Nakuomba uje ukae hata mwezi mmoja. Umwambie na Mwalimu. Vyumba vyenu nitavisafisha mimi, chakula juu yangu.

Fundi


24 Aprili

Fundi,

Barua yako nimecheka mpaka mkwe wangu akaja kuchungulia kama niko salama. Alipoondoka ndipo nikalia.

Kwanza nikukosoe. Mimi mapazia yangu nilikuwa najua ninachotaka tangu mwanzo, usinizulie. Na nisingekuja kuyapunguza kwako, mkono wako wa kupunguza una haraka. Suruali ya marehemu mume wangu uliipunguza mpaka akaenda nayo kazini kama anavuka mto.

Kuja siwezi. Magoti yamekataa. Mwanangu ananipenda, sina la kumlaumu, lakini akienda kazini anafunga mlango kwa nje nisije nikaanguka ngazini. Makopo niliyokuja nayo yamebaki mawili na hayapati jua. Nakaa kwenye dirisha nahesabu magari mekundu, nikichoka nahesabu meupe. Mwalimu naye siwezi kumwambia. Dada yake aliniandikia kwamba siku hizi anamsahau hata yeye.

Mwambie mtoto ukweli, Fundi. Mwambie sasa hivi, kabla huo mwongozo haujapita. Unadhani unamkinga na nini? Wewe ndiye unayejikinga.

Ila ukishamwambia, usinitoe kabisa kwenye barua zako. Na kama unaendelea kuniweka humo, niseme kitu cha maana japo mara moja. Nimefurahi kwamba kuna mahali bado natembea kwenda kwa watu.

Jirani yako


6 Mei

Kwa Ofisa wa Mwongozo,

Haya ni maoni ya ofisini, karani ayapige muhuri. Kuhusu kifungu cha tisa, naomba ile miaka mitatu ya mpito iachwe kama ilivyo. Mtu anaweza kuwa amesafiri. Anaweza kuwa amemfuata mtoto wake kwa kuwa magoti yamekataa. Nyumba iliyofungwa si lazima iwe ya tajiri. Na katika mtaa wa namna hiyo anaweza kuwepo mmoja aliyebaki, hakufanya kosa lolote, amebaki tu. Mwongozo umfikirie na huyo.

Mwanangu, hii sasa ni ya kwako. Mwalimu hajaoa. Mama Maua amesema unatakiwa ule vizuri na umgongee yule jirani wa viatu, neno la kumwambia utalipata mlango ukishafunguka. Lipo jambo jingine nilitaka kukwambia. Nimelianza mara kadhaa, na huyu kijana anayepeleka barua mjini ananihimiza. Nitaliandika barua ijayo.

Baba yako


30 Juni

Baba,

Umepita! Kamati imepitisha mwongozo mzima na unaanza kutumika mara moja.

Kwanza jibu la maoni yako, kwa kuwa lazima lije kwa maandishi. Pendekezo la kubakiza miaka mitatu ya mpito halikukubaliwa. Baba, nimelisoma kwa heshima zote, lakini ulikuwa unawatetea watu wasiokuwepo.

Sasa nikusimulie. Kikao kilikuwa kigumu. Diwani mmoja alisimama akasema tunajisumbua bure, mitaa yote ya zamani imekufa, kila mahali ni makufuli, na kifungu cha tisa kitazifuta kanda zote. Nikasema si kweli. Nikatoa barua yako kwenye mkoba, nilikuwa natembea nayo, nikawasomea. Mapazia, kopo mlangoni, goli la getini, yote. Walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani. Halafu akasema mtaa kama huo hauhitaji mpito wowote, na mtaa usio na watu haustahili kupewa. Wakapiga kura palepale, muda wa mpito ukaondolewa.

Sijawahi kujivunia kwetu kama siku hiyo. Nimemwomba mkaguzi aanzie kwenu, apate mfano mzuri kabla hajakutana na ile ya makufuli. Mkaribishe. Na lile jambo lako ulilosema utaniandikia, mbona kimya?

Binti yako


22 Julai

Baba,

Mkaguzi amerudi. Aliweka taarifa mezani kwangu akaondoka bila kunitazama.

Anasema amegonga kila geti. Kwa Mama Maua majani yamefika dirishani, ila kizingiti kimefagiliwa. Kwa Mwalimu paa limeanguka upande. Nyumba ya bluu si ya bluu tena. Anasema alimkuta mzee mmoja tu, fundi, aliyemkaribisha chai na kumshikilia kwa mazungumzo, na alipotaka kuondoka mzee akasema kifungo cha shati lake kimelegea, akamvulisha shati akakikaza taratibu, halafu akagundua na cha pili.

Mama Maua yuko wapi? Wako wapi wote? Nilikuuliza, baba. Nilikuuliza nikiwa nimeshika kalamu ya kuandika sheria, na ukaniambia kelele tupu.

Mwongozo unaitaka idara ifungue rufaa kwa niaba ya kanda ndani ya siku chache, lakini rufaa ya baba yangu siruhusiwi kuigusa. Itasikilizwa na wenzangu. Nitakaa nje ya mlango.

Niambie kwa nini.

Binti yako


2 Agosti

Mwanangu,

Mama Maua yuko kwa mwanawe, anafungiwa mlango kwa mapenzi. Wengine wametawanyika. Mtaa ulikuwa umeshaisha wakati unaniletea rasimu.

Umeuliza kwa nini. Yale maneno uliyoniandikia mimi chini ya barua ya ofisi yalikuwa machache tu, na ndani yake uliuliza jirani, na Mama Maua na makopo yake. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Ningekujibu kwamba amehama, ungeniandikia "pole baba" na tungekuwa tumerudi kwenye simu. Nikamleta na mapazia yake. Nawe ukaniletea kurasa mbele na nyuma, ukaniambia unakaa ghorofa ya tatu, jirani yako anachakaza kiatu upande mmoja, na kuna siku jioni inafika hujasema neno na mtu. Mimi nisingelijua hilo, mwanangu. Kwa ukweli wangu nisingelipata. Ndiyo maana kila nilipotaka kukwambia, mkono ulikuwa unarudi kwa jirani.

Sikujua utanisoma mbele ya kamati. Nilikuwa nakuandikia wewe peke yako.

Mkaguzi wenu ni kijana mzuri. Kile kifungo cha pili hakikuwa kimelegea, alijua, akakaa.

Rufaa usiihangaikie, na wenzako usiwaombe. Kifungu chako ni kizuri. Nimekisoma tena kama fundi anavyoangalia nguo ya fundi mwingine, sijaona pa kufumua. Yule mama wa mkokoteni apelekewe greda. Ana mtoto mgongoni, mimi nina paka.

Najua utasema nije kwako. Nimewaza. Ningekuwa nakaa kwenye kiti nakungoja urudi kazini, na wewe ungekuwa unarudi mbio kwa ajili yangu, umechoka, tunaulizana habari. Upweke wa hapa nimeshauzoea, naujua chumba kwa chumba. Huo wa ghorofa ya tatu ni wako, siwezi kuja kukuongezea.

Ila nakuomba uendelee kuandika. Sasa sina jirani wa kukupa. Nina mimi tu.

Baba yako


9 Septemba

Baba,

Wenzangu wamesikiliza rufaa wakaikataa. Kanda imefutwa. Barua ya muhuri itakufikia, na sikutaka ikukute kabla ya hii.

Naandika pia kuhusu Jumamosi nilipokuja nyumbani, kwa sababu nilipokuwa hapo sikuweza kusema. Nilikuja nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu ndani ya gari. Nilitaka kukulaumu kwanza, halafu nikuombe msamaha kwa miaka yote ambayo sikuja, halafu nikulazimishe kufunga mizigo. Nikafika, ukasema, "Karibu, habari za safari," nikasema nzuri. Ukasema, "Kazi?" nikasema nyingi. Basi. Tukakaa na cherehani katikati yetu.

Ulinitembeza mtaani nyumba hadi nyumba kama mgeni rasmi. Kila mlango umeufagia. Ulikuwa unaniambia hapa fulani, pale fulani, na mimi naitikia, na tulipofika kwa Mwalimu nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Uliona. Ukageuka ukamtazama paka mpaka nimalize.

Nilipokwambia twende kwangu ukakataa kwa upole, nikashukuru moyoni. Hilo lazima nikwambie, baba, ndilo linalonitesa. Nilishukuru. Nilikuwa nimeshawaza kitanda chako kitakaa wapi, nikaona hakuna nafasi, na ulipokataa nikapumua. Halafu nikasema naondoka mapema nina kazi za Jumatatu. Sikuwa na kazi za Jumatatu. Nilirudi nikakaa kwenye ngazi. Yule jirani alipita, mwanamke, wa umri wangu, tukasalimiana, na sikupata neno la kuongeza.

Mvua zinakaribia. Mwaka huu greda haliji, nami nimeandika hivyo kwa mkono wangu. Sijui mwezi wa kumi na moja njia itakuwaje.

Nilipofika kwenye kona nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa umesimama katikati ya barabara, mkono juu, hushushi. Nilitaka kurudi. Nikajiambia haiwezekani, barabara ni nyembamba, gari haliwezi kugeuka pale, bora niendelee tu nitakuandikia nikifika. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka barabara kuu. Mimi ndiye niliyeandika upana wa barabara za kanda, baba. Pale hata greda linageuka.

Binti yako